Kinachogonga jembe Nanighi

Kuanzia Nanighi, Bura hadi Garsen, ukichimba shimo la mwembe mbali kidogo na ukingo wa Mto Tana, jembe huenda likaingia vizuri, kisha ghafla likagonga na kuruka. Wengi husema ni jiwe. Chukua bonge lake kavu, litie taratibu kwenye gilasi ya maji ya mvua, usikoroge. Maji yakigeuka kama maziwa na kubaki hivyo, huo ni mfinyanzi wenye sodiamu nyingi.

Ulaya na Amerika ya Kaskazini pia yako matabaka magumu ya udongo, yanayohusishwa na ardhi iliyoganda zama za barafu. Nanighi haikuganda, jamani! Baridi ile ya miaka kama 20,000 iliyopita ilitufikia kwa sura ya ukame: barafu ya Mlima Kenya ilitambaa chini, bahari ikashuka karibu mita 120, na baadaye Ziwa Victoria likakauka. Panapokosa mvua, iwe kale au leo, chumvi haioshwi. Sodiamu iliyomo hutawanya chembe za mfinyanzi, nazo huziba vitundu vya udongo hadi tabaka likawa gumu.

Mradi wa umwagiliaji wa Bura, uliopokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikumbana na udongo wa namna hii. Ukimwagilia kupita kiasi, maji husimama juu ya tabaka hilo gumu, chumvi ikapanda mizizini. Jasi husaidia, ila bila mfereji wa kutoa maji ni pesa iliyotupwa. Pima udongo kwanza, ndipo ununue mbegu.