Mchoro Unaofunguka Katwa: Kuchagua Zana za Programu za Kuonyesha Data Butembo na Beni



Ebola ilitangazwa Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, tarehe 1 Agosti 2018. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Kati ya tarehe hizo mbili waliugua watu 3,470 na kufa 2,287, na zoni zilizopata wagonjwa wengi kuliko zote ni Beni na Katwa. Takwimu hizo zilianzia mikononi mwa watu wetu: reko, mhudumu wa afya wa jamii, aliyezunguka mtaani, muuguzi aliyejaza fomu, familia iliyokubali kufuatwa siku 21 kwa sababu mmoja wao alimgusa mgonjwa. Kutoka hapa zilikwenda Goma, Kinshasa na Geneva, zikawa dashibodi zenye ramani na michoro. Kurudi zilirudi kwa sauti ya redio, au kwa picha ya WhatsApp yenye maandishi madogo ya Kifaransa.

Dai la mada hii ni moja. Zana ya kutengenezea programu za kuonyesha data inatufaa ikiwa kazi yake inafunguka kwenye simu ya yule aliyeitoa data, katika kituo cha afya kisicho na mtandao wa uhakika. Urembo wa zana na umaarufu wake vinafuata nyuma.

Kwa nini nashikilia hilo? Septemba 2018 Patrick Vinck wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Robo ya waliohojiwa, asilimia 25.5, hawakuamini kwamba Ebola ipo. Walioamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi. Mchoro peke yake hauponyi kutoaminiana kwa namna hiyo, katika eneo ambalo tangu Oktoba 2014 limekuwa likizika watu waliouawa. Lakini namba inayochukuliwa isirudi huongeza shaka. Mama aliyeulizwa majina ya watoto wake wote na ya majirani waliokuja msibani ana haki ya kuona majibu yake yalisaidia nini.

Upande wa kukusanya, zana zetu ni nzuri. KoboToolbox, iliyoanzishwa na Vinck huyo huyo pamoja na Phuong Pham, hujaza fomu bila mtandao na kuzituma mtandao ukipatikana. DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ndiyo inayobeba ripoti za mwezi za zoni zetu. Go.Data ya Shirika la Afya Duniani hufuatilia waliogusana na wagonjwa na kuchora mnyororo wa nani kamwambukiza nani. Zote hizi zilijengwa na watu waliojua kwamba mtandao hukatika. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka kuonyesha.

Chukua Shiny, iliyotolewa mwaka 2012 na Joe Cheng na wenzake kwa watumiaji wa lugha ya R. Mtaalamu wa magonjwa asiyejua kutengeneza tovuti anaweza kujenga dashibodi kamili kwa siku chache, na wachambuzi wengi wa Ebola walifanya kazi kwa R. Lakini kila mara unapobonyeza, ombi husafiri hadi kwenye seva, R hukokotoa, jibu hurudi. Mtandao ukikatika Butembo, ukurasa wote hufifia kuwa kijivu na kazi imeishia hapo. Siku hizi Shiny inaweza kuendeshwa ndani ya kivinjari bila seva, ila simu lazima kwanza ipakue mamilioni ya baiti, na mega tunanunua. Power BI na Tableau ni rahisi zaidi kwa mkono wa ofisini, lakini kushirikishana kwa faragha kunataka akaunti za kulipia. Tableau Public ni ya bure kwa sharti kwamba kazi unayoihifadhi huko inakuwa ya umma. Asijaribu mtu kuweka humo orodha ya wagonjwa.

Njia ninayoipendekeza ni ya zamani kidogo na ni ya unyenyekevu: ukurasa mmoja wa HTML unaobeba data na mchoro ndani yake, usiohitaji seva. Ukishaupata unautuma kwa WhatsApp, kwa Bluetooth au kwa kifaa cha USB, nao unafunguka jenereta ikiwa imezimwa na antena imelala. D3, iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock akiwa Stanford, hufunga kila data na umbo lake kwenye ukurasa, na kivinjari chenyewe huchora. Ni ngumu kujifunza, sitawadanganya. Mwanafunzi atahitaji miezi. Plotly ni nyepesi kwa mwandishi na nzito kwa msomaji, maana ukiifungasha yote ndani ya faili unapata zaidi ya megabaiti tatu. Leaflet, aliyoitoa Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka huo huo wa 2011, ina takriban kilobaiti 40 tu na huchora ramani vizuri. Hata hivyo picha za chini za ramani, zile zenye barabara na mito, huvutwa kutoka mtandaoni kipande kwa kipande. Ziondoeni. Wekeni mipaka ya zoni 34 za Kivu ya Kaskazini peke yake, mkishaipunguza kwa programu ya mapshaper ili mistari yenye kona elfu ibaki na kona mia. Mtu wa Vuhovi anaitambua zoni yake hata bila kuonyeshwa kila kijito.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hakuna zana itakayotufanyia, nalo ndilo linaloniuma.

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu ya Ebola cha Katwa kilishambuliwa. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun, aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Baada ya matukio ya namna hii timu hazikutoka. Wagonjwa wakabaki majumbani, na waliogusana nao wakabaki bila kuonwa. Mtu aliyetazama mchoro wa visa vilivyotangazwa aliweza kuona mstari ukishuka na kudhani ugonjwa unapungua. Ulikuwa unaenea. Thibaut Jombart na wenzake, katika makala ya mwaka 2020 kwenye jarida la Eurosurveillance kuhusu Butembo na Katwa, walionyesha jinsi maambukizi yalivyopanda baada ya mashambulizi hayo.

Kwa mtengeneza programu, fundisho liko ndani ya seli moja ya jedwali. Sifuri maana yake ni kwamba tulitafuta tukakosa. Seli tupu maana yake hatukutafuta. Ukiacha seli tupu, R hukata mstari mahali pale. Katika D3 unaandika mwenyewe agizo la kuukata. Ukijaza 0 ili jedwali lipendeze, mstari unashuka hadi chini na kumdanganya mkuu wa zoni. Mimi naona kila mchoro wa data ya afya uliotengenezwa Beni au Butembo uwe na ukanda wa kijivu kwenye siku ambazo kazi haikufanyika, pamoja na sababu yake: mji umefungwa, barabara ina vita. Na wiki ya mwisho ichorwe kwa rangi hafifu, kwa sababu wagonjwa wake wengi bado hawajaandikwa.

Ramani nayo ina mtego wake. Mji wa Butembo una komuni nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, lakini kwa afya umegawanywa katika zoni, na Katwa ni mojawapo. Mgeni anayesoma safu ya Butembo peke yake anadhani mji uliumia kidogo, kumbe wagonjwa wengi wa mji huo huo wameandikwa Katwa. Tena, usigawanye visa kwa idadi ya wakazi kana kwamba idadi hiyo ni ya hakika: sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Ukichora kiwango kwa kila watu 10,000, andika chini yake kwamba wakazi wamekadiriwa.

Kuna pia jambo dogo linaloharibu kubwa. Excel ya Kifaransa huandika 12,5 kwa mkato na kutenganisha safu kwa nuktamkato. D3 na R, zisipoelekezwa, hutarajia nukta na mkato. Elekezeni zana mwanzoni mwa kazi, na hifadhini faili kwa UTF-8, la sivyo jina la Musienene litabaki salama lakini neno Hôpital litasomeka kama laana.

Kuhusu siri sitazunguka. Ramani inayoweka nukta juu ya nyumba isitoke nje ya timu ya uchunguzi. Washindi wa Ebola, yaani waliopona, walirudi kwenye mitaa ambako watu waliogopa hata kuwapa mkono. Umma uonyeshwe zoni, na pale visa ni vingi, eneo la afya, yaani sehemu ndogo ya zoni. Chini ya hapo hapana. Faili ikishatumwa kwa WhatsApp hairudishwi tena.

Lugha ya mchoro iwe Kiswahili, na pale inapowezekana Kinande. Hilo haligharimu kitu: ni maneno machache kwenye kichwa na pembeni mwa mistari.

Ombi langu kwa walioalikwa leo ni hili. Wakuu wa zoni, msitie saini mradi wa kukusanya data usiosema ni nani atakayerudisha matokeo kwenye eneo la afya, kwa njia gani na kwa lugha gani. Waalimu wa komputa wa Chuo Kikuu cha Graben na wa vyuo vingine vya Butembo na Beni, wapeni wanafunzi kazi hii: data ya visa vya Ebola vya Kivu ya Kaskazini imewekwa wazi kwenye HDX, tovuti ya data ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu. Kila mmoja atengeneze ukurasa mmoja wa kilobaiti zisizozidi 500, usiohitaji mtandao, wenye maelezo ya Kiswahili, kisha aupeleke kwa muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwake na kumwomba ausome kwa sauti. Pale muuguzi atakapokwama, ukurasa urekebishwe.