Kuchagua Programu ya Kujifunza Kusoma Kiingereza Ukubwani

Leo tunazungumza na ndugu zetu kutoka Kongo wanaoanza maisha mapya Marekani, hasa akina mama na akina baba ambao hawakupata nafasi ya kukaa darasani, na sasa wanatafuta programu ya simu au kompyuta ya kuwafundisha kusoma Kiingereza.

Kwanza, jiulize: je, unasoma Kiswahili? Kama unasoma, tafuta programu inayofundisha sauti za herufi. Irabu tano za Kiswahili hazibadiliki, lakini Kiingereza kina herufi 26 na sauti takriban 44, hivyo herufi moja hutamkwa kwa namna nyingi. Kama husomi lugha yoyote, chagua inayoanza na herufi mojamoja, ikitamka kila neno na kuonyesha picha yake.

Pili, iwe ya watu wazima. Ifundishe maneno ya basi, dawa, kodi ya nyumba na mshahara. Mtu mzima asifundishwe kama mtoto wa chekechea.

Tatu, ikuruhusu kurudia somo mpaka likae kichwani.

Nne, usikimbilie kulipa. Tovuti ya USA Learns, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Sacramento, California, ni ya bure, ingawa inamfaa zaidi anayejua tayari kusoma kidogo. Maktaba nyingi za umma pia zina kompyuta na intaneti bila malipo.

Programu haichukui nafasi ya mwalimu. Itumie pamoja na darasa. Wiki hii, nenda maktaba na kijana wako, mjaribu somo moja kabla ya kuamua.