Ukungu Ukaao Ndani ya Mahindi
(Maneno tuliyozungumza na wakulima wa Gongoni, Tabora)

Tumekuja kusahihisha jambo. Msimu uliopita tulisimama hapa hapa tukawaambia kwamba mahindi yenye punje safi, zisizo na doa, ni salama kwa uji wa mtoto. Tulikosea.

Kuna ukungu unaoishi ndani ya mhindi bila mmea kuonyesha ugonjwa wowote. Jina lake la kitaalamu ni Fusarium verticillioides. Huweza kutoka kwenye mbegu ukapanda na bua mpaka kwenye gunzi. Huingia pia kupitia nywele za hindi na matundu ya funza wa mabua. Mara nyingine hujitokeza juu ya punje, mweupe au wa rangi ya waridi, na mara nyingine haujitokezi kabisa. Sumu yake, fumonisini, iligunduliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1988.

Mtauliza, uliojificha hivyo hutambuliwaje? Wataalamu huchukua kipande cha bua, wakakiosha kwa spiriti ili kuua vyote vilivyoko nje, kisha wakakiweka kwenye kisahani chenye chakula cha ukungu. Kitakachoota hapo kimetoka ndani. Hutazama rangi, halafu vijimbegu vyake kwa darubini: vya ukungu huu hupangana kama shanga kwenye uzi. Lakini unao ndugu wanaofanana nao mno, kwa hiyo siku hizi husomwa vinasaba. Hata majina yalichanganya watu. Zamani uliitwa Fusarium moniliforme, na ulipoonekana katika hali yake ya kuzaana uliitwa Gibberella. Tangu 2013 kanuni ni ukungu mmoja, jina moja. Tulifurahi, maana baadhi yetu tulidhani ni aina tatu!

Jina lamsaidia nini mkulima? Sana. Ukungu wa kijani na manjano, Aspergillus flavus, una sumu nyingine, aflatoksini. Hiyo ndiyo iliyohusika na vifo vya watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na watu 20 katika Dodoma na Manyara mwaka 2016. Huo hustawi hasa mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu. Fusarium huanza shambani. Kukausha huuzuia usiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuingia haiondoki, wala kupika hakuimalizi. Sehemu yake kubwa iko kwenye pumba, kwa hiyo kwa uji wa watoto kukoboa ni bora kuliko dona. Na pumba hizo punda asipewe, kwani fumonisini huharibu ubongo wake.

Kabla ya kujaza kihenge, tieni punje na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, mwiache itulie. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado mabichi, yarudini juani. Yaliyooza yachambueni, na tafadhali yasiende kwenye pombe wala kwa kuku.

Jumamosi kila nyumba ilete mahindi mawili yenye maganda yake, moja zuri na moja baya, katika mfuko wa karatasi. Wa nailoni hapana, mahindi huvunda humo njiani kabla hayajafika maabara.