Baba Mdogo Naye ni Baba

Msikilizaji, juma hili tulitazame neno ambalo kila siku tunalitumia bila kulifikiria: baba.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, mwenzetu aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake. Mkuu wa kazi, mgeni kutoka Ulaya, akafungua jalada na kukuta kuwa mwaka uliotangulia mtu huyo huyo alikwisha kupewa ruhusa ya kumzika baba. Akamwita mwongo, na ruhusa akamnyima. Kumbe wa kwanza alikuwa baba mzazi. Wa pili ni baba mdogo, aliyemlipia karo hadi akamaliza shule. Mwenzetu hakudanganya. Kila mmoja alihesabu kwa hesabu aliyokuzwa nayo.

Kwa Kiingereza, ndugu wa kiume wa baba na wa mama huitwa kwa neno moja. Sisi tunawatenga: wa kwanza ni baba, mkubwa au mdogo, wa pili ni mjomba. Nayo si majina matupu. Anayeitwa baba hutazamiwa kulea, kupokea posa na kusimama msibani. Kwa Waluguru wa Morogoro, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake.

Wala haya si ya Waafrika peke yetu. Mwaka 1871 mwanasheria wa Marekani, Lewis Henry Morgan, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa Waseneca, wenyeji wa asili wa New York, nao humwita ndugu wa baba kuwa baba.

Sasa tujitazame wenyewe. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, iliweka angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo kwa ajili ya msiba. Iliwataja mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada. Baba mdogo, mama mkubwa, mjomba na shangazi hawakutajwa. Hiyo tuliitunga sisi, si mgeni yule.

Sisemi kila jamaa ahesabiwe, kazi zitalala. Nasema fomu ya ruhusa iongezwe swali moja: marehemu alikulea? Na mwenye kuisoma, kabla hajamwita mtu mwongo, amwite kwanza wazungumze. Kuuliza si ujinga.