Kuta za Karakana ya Nyumbani



Kazini twadai mwanga na usafi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Lakini jioni twarudi nyumbani na kufanya kazi gizani. Kibanda changu huko Mountain View kilikuwa mabati matupu, meusi kwa moshi. Siku moja msumeno ulinikata kidole gumba, kwa kuwa sikuuona mstari wa penseli.

Ndipo nikakitengeneza. Kwanza niliziba matundu ya mvua, maana mbao zikifunika maji huoza. Kisha nikapigilia fito, na juu yake plaiwudi. Fito huacha nafasi ya hewa, kwani katika baridi ya Julai mabati hutoka jasho usiku. Chini niliacha shibiri moja, mbao zisiguse sakafu. Karibu na jiwe la kunolea nikaacha bati tupu, kwa sababu ya cheche. Mwisho nikapaka rangi ya kwanza ya kushika mbao, halafu nyeupe mara mbili. Sasa taa moja yatosha.

Angalieni mambo mawili. Asbestosi ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2006. Ukiikuta ukutani usiikate wala kuitoboa. Tena, rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi: usiipige msasa ikiwa kavu, ilowanishe, na watoto wakae mbali.

Ndugu zangu, haki tunayomdai tajiri tusijinyime wenyewe.