Mbegu Bora za Kahawa na Kazi ya Wataalamu

Haya ni mazungumzo juu ya utafiti wa kahawa, kwa wakulima wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru.

Mkulima akitaka kupima nguvu na udhaifu wa utafiti katika Kenya, na atazame mikahawa yake mwenyewe. Aina ya SL28, inayosifiwa ulimwenguni kwa utamu wake, ilichaguliwa na wataalamu wa Maabara ya Scott, Kabete, katika miaka ya 1930. Lakini mti huo una adui, nao ni ugonjwa wa kuoza matunda, ulioonekana nchini mara ya kwanza mwaka 1922. Kuvu wake hupenda baridi na mvua za miinuko. Matunda mabichi huingia madoa meusi, yakaoza na kuanguka.

Wataalamu wa Ruiru walichanganya mbegu kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, mti mfupi unaostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Hekta moja huchukua miti 2,500, hali ile ya zamani ni 1,330 tu. Mwaka 2010 ikafuata Batian, yenye jina la kilele kirefu kupita vyote vya Mlima Kenya. Nguvu ya utafiti ni subira hiyo.

Udhaifu nao upo. Kwanza, mbegu ya Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ndiyo sababu kwa miaka mingi miche haikutosha. Tena mkulima akiokota mbegu chini ya mti huo na kuzipanda, miche yake haitalingana na mama yao, na mingine itashikwa na ugonjwa. Pili, sheria ya sayansi ya mwaka 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa iwekwe katika mfuko wa utafiti, lakini fedha zilizotolewa zimekuwa chini sana ya hapo. Tatu, maarifa hukawia njiani kutoka maabara hadi shambani.

Kwa hiyo yafaa mkulima anunue miche katika vitalu vilivyoidhinishwa, na aulize jina la aina kabla ya kulipa. Asiyetaka kung'oa miti ya zamani aweza kuikata mashina na kupandikiza vikonyo vya aina mpya. Chama cha ushirika nacho kimwite bwana shamba awaonyeshe wanachama kazi hiyo. Mkahawa hudumu shambani miaka mingi, na kosa la siku ya kupanda huwafikia hata watoto.