Hofu Isijaze Fomu

Kila mwaka nchini Tanzania, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI huwafungulia wahitimu dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi walizojaza kwenye fomu ya uchaguzi, Selform. Siku hizo nyumbani hapakaliki. Mtoto anataka chuo cha kati, baba anataka tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), shangazi naye amesikia kwamba ualimu hauna ajira.

Wote hao wanaogopa majuto. Lakini majuto yapi? Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walionyesha kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichokifanya. Miaka ikipita, kinachowauma ni kile ambacho hawakukijaribu. Sababu mojawapo: kosa lililotendwa hurekebishwa, au angalau huzoeleka. Jambo ambalo halikutendwa hubaki wazi, na mtu hulijazia ndoto anavyotaka.

Hiyo si ruhusa ya kukurupuka. Ada ni ada, na mzazi anayeuliza kazi iko wapi ana haki ya kuuliza. Lakini hofu yake, ambayo mara nyingi ni majuto yake mwenyewe ya zamani, isimjazie mtoto fomu. Aliyechagua kozi akaichukia anaweza kuomba nyingine mwakani, kwa cheti kilekile.